Mshale Wenye Pete ya Kijani

Serah hakuweza kushika kitu cha mti bila kukipapasa kwanza. Mwiko, mpini wa fagio, mguu wa stuli, hata penseli ya mtoto iliyookotwa chini ya kochi: alikipitisha katikati ya ncha za vidole, polepole, kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha akakigonga kwa ukucha na kuinamisha sikio. Kikimridhisha, alikitumia. Kisipomridhisha, alikiweka kando bila neno, na nyuma ya friji palikuwa na kona iliyojaa miiko iliyokataliwa, yote mizima machoni pa mtu mwingine yeyote.

Metrine alipoiona tabia hiyo mara ya kwanza, mwaka 2013, alidhani ni uchawi. Alikuwa ametua Riyadh siku chache tu kabla, msichana wa Webuye wa miaka ishirini na miwili, na kwao alikuwa amejazwa maneno mengi kuhusu Wakamba. Sasa alikuwa amepelekwa jikoni kufanya kazi na mama wa Kikamba anayenong'onezana na mwiko.

"Mama, huo mwiko unakuambia nini?" akauliza, nusu kwa utani, nusu kwa hofu.

"Unasema Mluhya ameingia hii nyumba," Serah akajibu bila kugeuka. "Unauliza kama utatoboa mpaka Ijumaa bila kuvunjika, vile atakuwa anasonga ugali."

Metrine alicheka mpaka akashika meza. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu aagane na mama yake kwenye uwanja wa ndege Nairobi, na kwa miaka iliyofuata hakusahau ni nani aliyemrudishia.

Nyumba yenyewe ilikuwa Malaz, ghorofa mbili zenye ua mdogo na paa la kuanikia nguo. Mwenye nyumba, Madam Ibtisam, alikuwa mzaliwa wa Jeddah aliyeolewa Riyadh. Mumewe alikuwa mtu wa ofisi na safari, na binti zao watatu walikuwa na nywele nzito zilizowatoa machozi kila asubuhi ya shule. Serah ndiye aliyekuwa mpishi. Alikuwa amekaa humo miaka mingi kiasi cha kukijua Kiarabu cha nyumbani chote, pamoja na kile cha ugomvi. Alimfundisha Metrine lini aseme "hadhiri, madam" kwa kuitikia na kuendelea na kazi, lini anyamaze kabisa, na wapi simu ilishika mtandao vizuri bila kumsumbua mtu. Alimpa kitanda kilicho mbali na kelele za mashine ya baridi, yeye akalala kile kingine. Metrine alimwita Mama Pris, kwa jina la binti yake Priscilla aliyekuwa anasoma Mwingi.

Kitu alichokuja nacho Metrine kutoka kwao kilikuwa mikono yake. Alikuwa msusi. Pale Webuye alisukia watu kwenye baraza la duka la mtu mwingine, na alipokubali kwenda Saudia alikuwa na wazo moja tu kichwani: arudi afungue saluni yake mwenyewe, yenye kioo kikubwa na mlango unaofungwa kwa ufunguo wake. Madam alipogundua kipaji hicho, asubuhi za machozi ziliisha. Binti wale watatu walikaa chini ya vidole vya Metrine wakitulia kama paka, na Ijumaa kabla ya chakula cha mchana Serah naye alikaa kwenye beseni lililogeuzwa, akasukwa.

"Hii mikono," Serah alikuwa akisema akiwa amefumba macho, "itunze. Usiitumie kubeba mitungi ya gesi kama punda. Mwambie dereva."

Mwaka wa pili, baba yake madam alifariki kule Jeddah. Alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya wavulana, na ujanani alipelekwa masomoni ng'ambo, akarudi akipenda kulenga shabaha kwa upinde. Kaka zake madam waligawana nyumba na magari. Yeye aliomba mishale tu. Ililetwa Riyadh katika boksi refu lililofungwa kwa kamba, ikiwa imekaa miaka na miaka katika stoo iliyo karibu na bahari: mishale ya mti, yenye manyoya ya rangi mbalimbali, iliyonuka unyevu na karafuu. Mmoja ulizidi mingine yote kwa uzuri. Ulikuwa wa mti mwekundu uliong'arishwa, na karibu na manyoya ulizungushiwa uzi wa kijani kama pete. Madam aliushika kifuani, akalia wazi mbele ya wafanyakazi wake, jambo ambalo hawakuwahi kuliona.

Kisha akapangusa macho, akamwambia Metrine aisafishe mishale.

Kusafisha kitu cha mti, kwa Metrine, kulikuwa na maana moja. Miiko na vinu kwao vilioshwa kwa maji ya moto na sabuni, vikasuguliwa, vikaanikwa juani mpaka vikauke na kuwa vyeupe. Aliiosha mishale yote katika beseni la bafuni, akaisugua kwa sponji, akaipandisha paani na kuipanga ukutani chini ya jua la Juni, jua linalokausha shuka kabla hujamaliza kuanika ya pili.

Serah alipanda na nguo, akasimama mlangoni.

"Nani ameanika hizi mishale hapa?"

"Ni mimi. Si madam alisema zisafishwe?"

"Ukaziosha na maji?"

"Na sabuni," Metrine akasema kwa fahari.

Serah aliliweka beseni chini. Alitazama manyoya yaliyolowa na kujikunja. "Ona hii. Kama jogoo amenyeshewa akienda kuposa." Lakini hakucheka. Alikuwa tayari anaikusanya, mmoja mmoja, akiipeleka kivulini na kuifunga katika shuka kavu. "Metrine, sikiza. Hii mti imekaa Jeddah kwa unyevu miaka yote. Ikaletwa Riyadh mahali midomo yetu yenyewe inapasuka. Sasa wewe umeinywesha maji, halafu ukaichoma. Mti hauvumilii hivyo. Unapasuka kwa ndani, na nje unabaki umependeza."

"Kwani kuna mtu ataitumia? Si ni ya ukumbusho?"

"Naomba iwe ni ya ukumbusho," Serah akasema.

Haikuwa hivyo. Mumewe madam, kwa kutaka kumfariji, alimnunulia upinde mpya, mweusi, wenye nguvu, na madam akaalika dada na binamu zake kwenye istiraha waliyokodi nje ya mji, nyumba ya mapumziko yenye kuta ndefu ambako wanawake wangeweza kukaa uani bila baibui. Siku hiyo mishale ya baba yake ingerushwa. Alikuwa amejipa moyo na jambo hilo. Serah alimwomba ruhusa aipime kwanza, na madam, akidhani ni kuihesabu tu, akasema yalla, pima.

Serah aliiacha kivulini siku kadhaa ili itulie. "Nikiipima sasa itanidanganya," alisema. Hatimaye, alasiri moja binti za nyumba wakiwa wamelala, aliifungua shuka katika chumba cha kupigia pasi, akakaa sakafuni miguu ikiwa imenyooka mbele kama mtu anayepeta mchele, na kumwita Metrine aje aone.

Alianza na macho. Aliuinua kila mshale usawa wa dirisha, akaukodolea kwa urefu wake kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, akiuzungusha. Uliopinda ulikwenda kushoto. Kisha alichukua kipande cha pamba, akaupangusa kuanzia nyuma kwenda mbele na kurudi. Pamba ikinaswa hata unyuzi mmoja, alisimama hapo, akapaangalia, na mara nyingi akakuta kibanzi chembamba kilichoinuka au ufa usioonekana kwa jicho. Alitazama pengo la nyuma linaloshika kamba ya upinde, maana likichanika hapo mshale unaruka ovyo. Alivuta chembe, zile ncha za chuma za mbele, na mbili zikatoka mkononi mwake, gundi ikiwa imegeuka vumbi. Iliyobaki aliikamata ncha mbili, akaisogeza mbali na uso, akaipinda kidogo, akaizungusha, akaipinda tena.

"Mbona unageuza uso?"

"Ndiyo nibaki na macho ya kukuona ukichoma chapati."

Mwisho aliigonga, mmoja juu ya mwingine, na kusikiliza.

"Nani alikufunza haya yote?" Metrine akauliza.

Baba yake. Kule Kyuso, kaskazini ya Mwingi, mzee alikuwa akitengeneza mishale, na watu walitoka mbali kuja kuinunua. Kaka zake Serah walipenda kurusha, hawakupenda kazi ya kukaa. Serah alikuwa na vidole vyepesi, basi kazi ya kupima ikawa yake tangu akiwa na meno ya utoto. Mshale ambao Serah hajaupapasa haukutoka nyumbani kwao.

"Halafu siku moja kukawa na mashindano sokoni," Serah akasema, akiendelea kugonga. "Baba hakuwa amebeba yake. Akaazima mshale ya mtu. Kuvuta, kuachilia, ikapasukia kwa upinde. Nusu ilienda mbele. Nusu iliingia hapa." Aliinua mkono wake wa kushoto, akaonyesha pale nyama inapoungana kati ya kidole gumba na cha shahada. "Ikatokea huku. Ilitolewa hospitali, vipande vipande. Na hakushika jembe tena sawasawa, wala kukamua. Alikuwa anashika kikombe kama mtoto."

Metrine alivitazama vidole vyake mwenyewe, akavikunja.

Ulibaki ule wa pete ya kijani. Serah alikuwa ameuacha makusudi. Aliutazama: umenyooka. Pamba ilipita juu yake kama juu ya kioo. Pengo zima, chembe imeshika, na ulipopindwa ulirudi. Aliugonga. Akaugonga tena. Akauleta sikioni, akaugonga kwa ukucha kuanzia mbele kwenda nyuma, na katikati akasimama.

"Hapa. Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Sikiza tena. Huko unalia. Hapa unakohoa."

"Mama Pris, umelia tu kama mti."

Serah alipapasa mahali pale kwa muda mrefu, akiwa amefumba macho. Kisha akauweka kushoto pamoja na ile iliyokataliwa, akaifunga yote kwa kitambaa cheupe. Ile mizima aliiweka katika podo, mfuko wa kubebea mishale. "Hizi ni za kurusha. Hizo za kitambaa ni za kuweka kwa ukuta, watu waangalie. Nitamwambia madam." Alimwambia jioni hiyo hiyo, na madam, aliyekuwa kwenye simu, akaitikia kwa kichwa.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, ua wa istiraha ulijaa wanawake na harufu ya iliki. Godoro kuukuu lilikuwa limesimamishwa ukutani kama shabaha, na madam alisimama na upinde mweusi kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake. Hakuna aliyetaka kuanza. Mmoja alikuwa na kucha mpya, mwingine na gauni la mikono mipana.

"Mpe Metrine!" binamu mmoja akasema. "Hawa kwao si wanawinda simba?"

Wakacheka. Metrine alijua kwamba ni kejeli, lakini ilikuwa kejeli yenye tabasamu, na katika nyumba ya watu mtu hujifunza kupokea inayokuja. Tena, ukweli ni kwamba alitaka. Alikuwa na nguvu za mikono na miaka ishirini na mitatu, na hakuna aliyewahi kumwita mbele ya wageni ila kumwambia aondoe sahani. Aliushika upinde kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa mzito, wa baridi, mzuri.

Madam akaifungua ile mishale ya kitambaa cheupe, akauchomoa wenye pete ya kijani. "Wa baba ndio utaanza," akasema. "Bismillah." Akauweka mwenyewe kwenye kamba.

Serah alikuwa akimimina chai upande wa pili wa ua. Metrine alisikia birika likiwekwa chini kwa kishindo, kisha ndara zikija mbio.

"Madam, la. Huo mafi kwayis. Huo si mzima."

"Halas, Serah, basi. Baba aliutumia miaka mingi."

"Nilikuambia, madam. Huo ni wa ukutani."

Wageni walitazamana. Metrine aliukaza mkono kwenye upinde. Ilikuwa nafasi yake, na huyu mama na masikio yake ya ajabu alikuwa anaiharibu.

"Mama Pris," akamnong'oneza kwa Kiswahili, "aki unaniaibisha."

"Aibika basi. Leta hiyo mshale."

"Madam ndiye amenipa."

"Metrine. Leta."

Hakumpa. Alikumbuka hilo baadaye kuliko mambo mengine yote, kwamba hakumpa. Serah aliuchukua mwenyewe kutoka kwenye kamba, akarudi nyuma, akageuza uso. "Nisamehe, madam," akasema, akaupinda.

Mshale ulipinda ukarudi. Aliuzungusha, akaupinda tena, ukarudi tena, mzima, mwekundu, unang'aa juani. Mtu mmoja akacheka puani. Metrine akajua kwamba mwenzake anafahamu vizuri anachofanya: ameshika kitu kimoja alichoomba madam katika urithi wote wa baba yake, mbele ya ukoo mzima, na akikosea hakuna atakayemsikiliza tena. Serah alifumba macho. Vidole vikatembea juu ya mti mpaka katikati, vikasimama palepale vilipokuwa vimesimama siku ile. Akaweka vidole gumba viwili hapo, akakaza.

Haukukatika kama kijiti. Ulichanika, kwa mlio mrefu mkavu, na kipande kimoja kikabaki na ulimi wa mti mwembamba uliochongoka kama sindano ya kushonea magunia, mrefu kuliko kidole.

Serah alimwendea madam, akamfunulia vipande viwili katika viganja. "Hapa peupe nimevunja mimi leo," akasema kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Tazama hapa peusi. Mafuta na uchafu vimeingia ndani. Hapa palivunjika zamani, baba akiwa hai. Si mimi, si huyu msichana." Kisha akageuka kwa Metrine, aliyekuwa bado amesimama na upinde, akaulaza ule ulimi wa mti juu ya mkono wake wa kushoto, pale ambapo mshale ungepita. Ncha iliangukia kati ya kidole gumba na cha shahada, sawasawa, kana kwamba palikuwa pameandaliwa.

Metrine akaangusha upinde.

Madam alichukua vipande viwili, akaingia ndani na kufunga mlango. Chai ilipoa. Wanawake walizungumza kwa sauti za chini za msibani, na Serah akarudi kwenye birika lake, akasimama hapo mikono ikiwa imeshikana kwa nguvu. Mlango ulipofunguka, macho ya madam yalikuwa mekundu. Hakuenda kwa Serah. Alikuja kwa Metrine, akaushika mkono wake wa kushoto, akaugeuza, akaukunja na kuukunjua, akautazama kwa muda. Ndio mkono uliokuwa umesuka nywele za binti zake asubuhi hiyo.

"Halas," akasema. "Serah, lete mishale yako."

Wakairusha ile ya podo. Madam alipiga mchanga, akapiga ukuta, akapiga mchanga tena, na kila mara wageni walizidi kucheka mpaka naye akacheka. Metrine alipopewa zamu alivuta kidogo tu, akiwa na hofu, na mshale ukajichomeka kwenye ukingo wa godoro ukining'inia kama mswaki mdomoni. Vigelegele vilipigwa kana kwamba kweli ameua simba. Alimtafuta Serah kwa macho. Serah alikuwa amekaa juu ya mkeka, amevua ndara, anakunywa chai iliyopoa.

Habari zilifika Jeddah kabla hawajarudi Malaz. Kaka zake madam walipiga simu wakifoka: mshale wa baba, mfanyakazi, tena mbele ya watu! Kisha akapiga mama yao, yule mjane, na wote wakanyamaza. Bibi alisema yeye ndiye aliyeufunga bandeji mkono wa mumewe mwaka aliozaliwa Ibtisam, baada ya mshale wa namna hiyohiyo kumpasukia, na akamsihi aichome moto yote. Mzee hakutaka, akaficha kovu kwa saa kubwa na akakataza watoto wasiambiwe. Tangu hapo kila bibi alipoona boksi lile moyo wake uliruka. Sasa alitaka kitu kimoja. "Nipeni huyo mwanamke," alisema. "Nyumba yangu ina vitu vingi ambavyo hakuna aliyenivunjia."

Madam hakuweza kumnyima mama yake. Serah alipanga nguo zake katika begi lilelile alilokuja nalo kutoka Mwingi, na Metrine akakaa kitandani akilia kwa hasira.

"Ungenyamaza tu, ungebaki na mimi."

"Ningebaki na wewe nani?" Serah akasema, akikunja sketi. "Mtu wa mkono mmoja? Na nywele yangu ingesukwa na nani, madam?"

Metrine alicheka akiwa bado analia, na akaona kwamba hajawahi kusema asante. Alijaribu kuisema wakati huo. Ilitoka ikiwa imevunjika, na Serah akaipokea kwa kumtupia soksi moja usoni.

Hawakuonana tena mpaka mwaka ambao mkataba wa Metrine uliisha. Familia yote ilishuka Jeddah kwa Idi, na ilipangwa kwamba angeruka kutoka huko. Alimkuta Serah amenenepa, analala katika chumba chenye dirisha, anakula meza moja na bibi kizee aliyekuwa akimwita dada. Sebuleni, juu ya rafu, vilikuwapo vipande viwili vya mshale mwekundu vilivyofungwa pamoja kwa uzi wa kijani. Bibi alimwonyesha Metrine vipande hivyo kwa kidole, kisha akamnyooshea Serah kidole, kisha akagonga meza kwa ukucha na kuinamisha sikio, na wote watatu wakacheka bila kuhitaji lugha.

Alasiri hiyo Serah alimpeleka mtaa wa Kandara, palepale Jeddah, kununua zawadi. Joto la Jeddah liliwalowanisha nguo. Walinunua sanduku, vitambaa, nywele za kusukia, na katika kibanda kimoja chenye kapu la vitana vya mti Serah akachuchumaa, akaanza: kimoja, kingine, kingine, vidole, ukucha, sikio. Mwenye kibanda, Myemeni mwenye subira, akakosa subira.

"Ya hajja, ni kitana! Unakinunua au unakiposa?"

"Nakiposea huyu," Serah akamjibu. "Ana saluni."

Metrine hakuwa na saluni wakati huo. Sasa anayo. Iko Webuye, karibu na barabara ya sokoni, ina kioo kikubwa na mlango unaofungwa kwa ufunguo wake mwenyewe, na kile kitana kipo, kimekuwa cheusi kwa mafuta ya vichwa vya watu, na hakijakatika jino. Hukishika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ndio unaogawa nywele, unaovuta, unaoshikilia uzi wa kwanza huku wa pili ukipita juu yake. Msusi asiye na mkono wa kushoto ni mtu wa kufagia saluni ya mwenzake. Kuna siku huwa na watu wengi mpaka anasahau kula, na jioni, akivinyoosha vidole juu ya goti, humjia moyoni utulivu ambao hana jina lake. Wateja humwuliza anatabasamu nini. Husema amechoka tu.

Serah hakuwa mtu wa simu. Salamu zake zilipitia kwa Priscilla, na ni Priscilla aliyepiga asubuhi moja ya mvua kumwambia kwamba mama alirudi Mwingi akiwa anaumwa presha, akakaa nao miezi michache, na kwamba wamemzika. Alisema pia kwamba siku za mwisho alipapasa ubao wa kitanda chake mpaka akaridhika ndipo akalala. Metrine alifunga saluni siku hiyo. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kiooni, na alichojaribu kukumbuka kilikuwa kuagana kwao kwenye uwanja wa ndege wa Jeddah.

Lawrence, dereva wa bibi, alikuwa ameegesha gari mahali pasiporuhusiwa na anapiga honi. "Yalla, akina mama! Nitapigwa faini, na nyinyi mnaagana kama mnaozana!" Watu walipita na mizigo. Metrine alikuwa ameandaa maneno njia nzima, ya kumshukuru kwa kila kitu, kuanzia kitanda na kicheko hadi siku ile ya istiraha. Alichoweza ni kunyoosha mkono.

Serah hakuupokea kwa salamu. Aliuchukua ule wa kushoto, akaupitisha katikati ya ncha za vidole vyake, polepole, kuanzia kifundo hadi kucha. Akakunja kila kidole na kukiachia kirudi. Akafika kati ya kidole gumba na cha shahada, akasimama hapo, akafumba macho. Kisha akapagonga mara moja kwa ukucha, akainamisha sikio, na kuuachia.

"Mzima," akasema. "Enda usuke watu."